Seretse Khama: Mwanaume mtulivu aliyependwa kwa kusikiliza

Kila tunapofungua mada ya mapenzi na ndoa katika kipindi, simu zinazoingia huwa na swali moja lenye sura nyingi. Kijana anataka kujua afanye nini ili apendwe. Wengine wanaamini ni fedha. Wengine wanaamini ni maneno mengi, pikipiki mpya, au kumpigia msichana simu asubuhi, mchana na usiku mpaka achoke kukataa. Na akina mama na akina dada wakipata nafasi ya kuzungumza, mara nyingi wanasema jambo tofauti kabisa. Wanasema wanamtaka mwanaume anayewasikiliza, asiyepaparika, anayejiamini bila kupiga kelele.

Leo tunaieleza mada hiyo kwa njia ya maisha ya mtu mmoja. Ni maisha ya Seretse Khama, rais wa kwanza wa Botswana, aliyefariki mwaka 1980. Wengi wanamkumbuka kama mmoja wa viongozi waliosimama pamoja na Mwalimu Julius Nyerere na Kenneth Kaunda katika nchi za mstari wa mbele. Kabla ya kuwa rais, hata hivyo, alikuwa mwanafunzi mgeni jijini London, mbali na kwao, katika nchi ambayo rangi ya ngozi yake ilitosha kumnyima chumba cha kupanga. Huko ndiko alikopendwa na mwanamke aliyekuwa tayari kupoteza mengi kwa ajili yake.

Mtoto aliyepewa jina la upatanisho

Seretse alizaliwa tarehe 1 Julai 1921 katika mji wa Serowe, makao makuu ya watu wa Bangwato. Wakati huo nchi yao iliitwa Bechuanaland na ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Babu yake alikuwa Khama wa Tatu, chifu mashuhuri ambaye mwaka 1895 alisafiri hadi Uingereza pamoja na machifu wengine wawili kuomba nchi yao isikabidhiwe kwa kampuni ya Cecil Rhodes.

Jina Seretse kwa lugha ya Kitswana linahusiana na udongo wa mfinyanzi, ule unaoshikanisha vitu. Alipewa jina hilo kwa sababu babu yake na baba yake, Sekgoma wa Pili, walikuwa wamegombana kwa miaka mingi kisha wakapatana. Mtoto huyo alikuwa alama ya familia iliyorudi pamoja.

Baba yake alifariki mwaka 1925, Seretse akiwa na umri wa miaka 4 tu. Akatangazwa kuwa chifu, lakini mtoto wa umri huo hawezi kutawala. Baba yake mdogo, Tshekedi Khama, akashika madaraka kwa niaba yake. Mama yake, Tebogo, naye alifariki Seretse akiwa bado mdogo. Tshekedi akawa mlezi wake, na alimpenda na kumsomesha kama mwanawe wa kumzaa.

Seretse alisoma katika shule za Afrika Kusini, kisha Chuo cha Fort Hare, alikohitimu shahada mwaka 1944. Mwaka uliofuata akaenda Uingereza, akaanza masomo katika Chuo cha Balliol, Oxford. Baadaye akahamia London kusomea sheria. Mpango wa Tshekedi ulikuwa wazi: kijana asome, arudi, akabidhiwe kiti chake, aoe binti anayekubalika na ukoo.

Alikutana na nani London

Mwaka 1947 Seretse alikuwa akiishi Nutford House, hosteli ya wanafunzi kutoka makoloni. Mwezi Juni mwaka huo kulikuwa na dansi hapo. Muriel Williams, msichana aliyekuwa akishirikiana na watu wa kanisa na wanafunzi wa Kiafrika, alifika na dada yake aitwaye Ruth. Muriel ndiye aliyewatambulisha.

Ruth Williams alikuwa na umri wa miaka 23. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la anga la Uingereza, akaendesha magari ya wagonjwa. Baada ya vita aliajiriwa kama karani katika kampuni ya bima. Baba yake aliwahi kuwa askari nchini India. Kwa kifupi, Ruth alikuwa mwanamke mwenye kazi yake na msimamo wake, aliyeona vita kwa macho, na ambaye hakuhitaji kuokolewa na mtu.

Kama unatarajia kusikia kwamba Seretse aliingia, akasema neno moja na moyo wa Ruth ukayeyuka, haikuwa hivyo. Wawili hao walifahamiana pole pole. Kilichowasogeza karibu kilikuwa kitu cha kawaida kabisa: wote wawili walipenda muziki wa jazi. Seretse alipogundua hilo, alimwalika Ruth waende kulisikiliza kundi la Waamerika weusi lililoitwa The Ink Spots, ambalo lilikuwa likipendwa sana siku hizo.

Tusimame kidogo hapo, kwa sababu ndipo penye kiini cha mada yetu. Ili ujue mtu anapenda muziki gani, lazima uwe umemwacha azungumze. Kijana anayejisifu saa nzima kuhusu mali ya baba yake huondoka bila kujua hata binti anapenda nini. Seretse angeweza kujisifu. Alikuwa mrithi wa uchifu wa watu wengi na eneo kubwa. Lakini mwaliko wake haukuhusu ukuu wake, ulihusu kitu ambacho Ruth alikifurahia. Kumwangalia mtu kwa makini namna hiyo kunamwambia, bila maneno, kwamba ameonekana.

Na tukumbuke hali ya London ya wakati huo. Mwanaume mweusi akitembea barabarani na mwanamke mzungu, wote wawili waliweza kutukanwa hadharani. Wenye nyumba wengi walikataa kabisa kuwapangisha watu weusi. Katika mazingira hayo, mwanaume mwenye hasira za karibu angeweza kupigana kila wiki. Mwanaume mwoga naye angejificha. Wengi waliomfahamu Seretse walimkumbuka kama mtu mcheshi na mpole, ambaye hakuruhusu dharau ya mtu mwingine imbadilishe tabia. Utulivu huo ulikuwa na uzito kwa sababu ulikuwa ukijaribiwa kila siku.

Mtu anaweza kusema, labda Ruth alivutiwa na uchifu. Hesabu haikubali. Uchifu huo ulikuwa maelfu ya kilomita kutoka London, katika nchi maskini yenye ukame, na kuolewa na Seretse kulimaanisha kupoteza karibu kila kitu alichokuwa nacho kwao. Wala Seretse hakuwa na fedha za kumlaghai mtu. Kilichobaki ni yeye mwenyewe na namna alivyomtendea.

Ndoa iliyofungiwa milango

Uchumba wao ulichukua zaidi ya mwaka mmoja. Walipoamua kuoana mwaka 1948, milango ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Baba yake Ruth alikasirika na kumtaka aondoke nyumbani. Seretse alimwandikia Tshekedi kumjulisha, na mzee huyo akashtuka. Hakuulizwa, ukoo haukuulizwa, na kwa desturi za Bangwato ndoa ya chifu si jambo la watu wawili. Tshekedi akatumia watu aliowajua London, wakiwemo viongozi wa wamisionari, ili ndoa izuiwe.

Wachumba walitaka kufunga ndoa kanisani. Siku yenyewe ilipofika, kasisi akaogopa, jambo likapelekwa kwa Askofu wa London, naye akakataa kuruhusu ndoa hiyo mpaka serikali ya Uingereza ikubali. Hebu fikiria aibu hiyo: nguo zipo tayari, ndugu wachache wamejipanga, na bwana harusi anaambiwa hapana mbele ya bibi harusi wake.

Siku chache baadaye, tarehe 29 Septemba 1948, Seretse na Ruth walikwenda katika ofisi ya msajili huko Kensington, wakaoana kiserikali. Hakukuwa na sherehe kubwa. Seretse hakwenda kugombana na askofu, na hakumlaumu Ruth kwa matatizo yaliyowapata. Alitafuta njia iliyobaki wazi, akaipita.

Mbele ya baraza la Serowe

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa nyumbani. Seretse alirudi Serowe peke yake mwishoni mwa mwaka 1948, akamwacha mke wake London. Tshekedi aliitisha kgotla, yaani baraza la kijadi ambalo kila mwanaume ana haki ya kusimama na kusema lililo moyoni mwake, na chifu husikiliza mpaka msemaji wa mwisho amalize. Mwezi Novemba, mzee baada ya mzee alisimama kuipinga ndoa. Baraza la pili, mwezi Desemba, nalo halikumkubali Ruth, ingawa sauti za kumtetea Seretse zilianza kusikika.

Kijana wa miaka 27, aliyesoma Oxford na London, angeweza kuwaambia wazee hao kwamba wamepitwa na wakati. Angeweza pia kuwaambia kwamba yeye ndiye chifu na neno lake ni sheria. Hakufanya hivyo. Alikubali kosa moja waziwazi, kwamba hakuwataka ushauri kabla ya kuoa kama desturi ilivyodai. Lakini kuhusu mke wake hakurudi nyuma hata hatua moja. Kama wanamtaka yeye, watampata pamoja na Ruth.

Baraza la tatu lilikutana mwezi Juni 1949, na maelfu ya wanaume walihudhuria kwa siku kadhaa. Mwishoni Seretse aliwaomba wanaompinga wasimame. Walisimama wachache, wapatao 40. Kisha akawaomba wanaomkubali yeye na mke wake wasimame. Umati ukainuka kwa kishindo. Ndani ya miezi saba, watu walewale walikuwa wamebadilika.

Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Wengi walianza kuhofia kwamba Tshekedi alitaka kubaki na uchifu. Lakini pia walimwona kijana aliyewasikiliza bila kuwakatiza, asiyewatukana, na asiyemkana mkewe ili apate cheo. Mwanaume anayemwacha mke wake mara watu wanapopiga kelele, kesho atawaacha na wao. Watu wa vijijini wanalijua hilo bila kufundishwa darasani.

Ruth aliwasili mwezi Agosti mwaka huo. Maisha ya Serowe yalikuwa mageni kwake kwa kila kitu: jua kali, maji ya shida, lugha asiyoijua, na wazungu wachache wa eneo hilo ambao baadhi yao hawakutaka hata kumsalimia. Walioanza kumkaribisha walikuwa wanawake wa Bangwato, wakamwita Mohumagadi, jina la heshima la mke wa chifu.

Bei ya kutobadilika

Ndoa iliyokubaliwa na watu wa kijijini ikakataliwa na wakubwa wa dunia. Afrika Kusini, nchi jirani, ilikuwa imeingia chini ya chama cha Kaburu kilicholeta siasa ya ubaguzi, na mwaka huohuo wa 1949 ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ndoa kati ya wazungu na watu wengine. Chifu mweusi mwenye mke mzungu, tena mpakani kwao, alikuwa mwiba machoni. Serikali ya Uingereza, iliyohitaji dhahabu na urani ya Afrika Kusini, haikutaka kuwaudhi.

Uingereza iliunda tume chini ya jaji mmoja kuchunguza kama Seretse alifaa kuwa chifu. Tume ilikiri kwamba kwa elimu na uwezo alifaa. Kikwazo ilichokiona ni ndoa yake na hasira ya majirani. Ripoti hiyo ilikuwa ya aibu kiasi kwamba serikali iliificha kwa miaka mingi.

Mapema mwaka 1950 Seretse aliitwa London kwa mazungumzo. Ruth alikuwa mjamzito, akabaki Serowe, kwa kuhofia kwamba akiondoka hataruhusiwa kurudi. Huko London Seretse akawekewa ofa mezani: aachie uchifu, naye atalipwa pauni 1,100 kila mwaka na kuishi Uingereza. Alikataa. Mwezi Machi serikali ikatangaza kwamba asirudi katika nchi yake kwa miaka 5. Mtoto wao wa kwanza, Jacqueline, alizaliwa Serowe mwezi Mei, katikati ya msukosuko huo. Mwezi Agosti familia nzima ikaondoka kwenda uhamishoni. Mwaka 1952 serikali mpya ya Uingereza, ya Winston Churchill, ilikwenda mbali zaidi na kutangaza kwamba marufuku hiyo ni ya kudumu.

Familia ikaishi Croydon, kusini mwa London. Mtoto wa pili, Ian, alizaliwa mwaka 1953. Hapa ndipo ndoa nyingi huvunjika. Mwanaume aliyepoteza kazi, nchi na heshima yake kwa sababu ya ndoa anaweza kumgeukia mkewe na kumwambia kila siku kwamba yeye ndiye chanzo cha mkosi. Mke naye anaweza kuhesabu aliyoyapoteza. Ndoa ya Seretse na Ruth ilipita katika miaka hiyo ikiwa imara zaidi.

Nyumbani nako watu wa Bangwato walikataa kata kata kuchagua chifu mwingine. Mwaka 1952 wazee walisafiri mpaka London kumwombea Seretse, wakarudi mikono mitupu. Ghasia zikazuka Serowe, na askari polisi watatu wakapoteza maisha. Miaka ikapita, kiti kikabaki bila mwenyewe.

Kumpatia mkono aliyekupinga

Ufumbuzi ulitoka ndani ya ukoo. Tshekedi, ambaye ndiye aliyeanza kuipinga ndoa, alipatana na Seretse. Mwaka 1956 wote wawili walitia sahihi kuachia madai yao ya uchifu, na Seretse akaruhusiwa kurudi kama raia wa kawaida pamoja na mke na watoto wake. Mwaka 1958 Ruth alijifungua mapacha wa kiume. Mmoja aliitwa Anthony, kwa heshima ya Tony Benn, mbunge wa Uingereza aliyewatetea wakiwa uhamishoni. Mwingine aliitwa Tshekedi.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Walimpa mtoto wao jina la mzee aliyefanya kila aliloweza kuizuia ndoa iliyomleta mtoto huyo duniani. Ukitaka kupima kujiamini kwa mtu, pima hapo. Asiyejiamini hubeba kinyongo kama mzigo wa kuni. Anayejiamini anaweza kuutua, kwa sababu haogopi kuonekana ameshindwa.

Kutoka kwenye familia hadi taifa

Seretse alijaribu ufugaji, kazi ambayo haikumwendea vizuri sana, na afya yake ilianza kusumbuliwa na kisukari. Lakini siasa ikamwita. Mwaka 1962 yeye na wenzake, akiwemo Quett Masire, walianzisha chama cha Botswana Democratic Party. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 chama hicho kilipata viti 28 kati ya 31. Tarehe 30 Septemba 1966 Bechuanaland ikawa nchi huru ya Botswana, na Seretse akawa rais wake. Ilikuwa siku moja tu baada ya yeye na Ruth kutimiza miaka 18 ya ndoa.

Nchi aliyoipokea ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kuliko zote duniani. Ukame ulikuwa umeua ng'ombe wengi, na barabara za lami zilikuwa na urefu wa takriban kilomita 12 kwa nchi nzima. Almasi ziligunduliwa Orapa mwaka 1967, na mgodi ulifunguliwa mwaka 1971. Kilichotokea baadaye kinajulikana: mapato ya almasi yalielekezwa kwenye shule, hospitali na barabara, na uchaguzi ukaendelea kufanyika kila ulipofika wakati wake.

Alikuwa amezungukwa na tawala za kibaguzi pande karibu zote, lakini hakupiga kelele asizoweza kuzitimiza. Alipokea wakimbizi, alikataa ubaguzi nyumbani kwake, na akakaa meza moja na akina Nyerere, Kaunda na Samora Machel kuandaa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mwezi Aprili 1980, mjini Lusaka, nchi 9 zilianzisha jumuiya ya ushirikiano ambayo baadaye ikawa SADC, ambayo Tanzania ni mwanachama mpaka leo. Seretse aliongoza hatua hizo za mwanzo akiwa tayari mgonjwa. Tarehe 13 Julai 1980 alifariki kwa saratani ya kongosho, akiwa na umri wa miaka 59. Alizikwa Serowe.

Utulivu si mbinu ya kutegea

Sasa turudi kwa kijana aliyetupigia simu. Asome maisha haya, lakini asiyasome vibaya. Kuna wanaofundisha siku hizi kwamba mwanaume ajifanye mtulivu, ajifanye hajali, achelewe kujibu ujumbe ili msichana amtafute. Huo si utulivu. Huo ni mtego, na mtego hunasa siku moja tu. Ukishaoa, huwezi kuigiza miaka 30.

Utulivu wa kweli una mambo matatu ambayo tumeyaona kwa Seretse. La kwanza ni masikio. Alimfahamu Ruth kabla ya kumwomba chochote, na aliwasikiliza wazee wake hata walipokuwa wakimshutumu. La pili ni subira. Hakumharakisha Ruth, na baraza lililomkataa mara mbili alilirudia mara ya tatu bila kulivunja. La tatu ni msimamo. Mpole haina maana ya mtu anayesema ndiyo kwa kila kitu. Alipopewa fedha ili aachie haki yake, alisema hapana, na hakuhitaji kupandisha sauti ili hapana hiyo ieleweke.

Tena tusimsahau Ruth. Hadithi kama hizi mara nyingi husimuliwa kana kwamba mwanamke ni zawadi anayopewa mwanaume mwenye tabia njema. Ruth alichagua. Angeweza kusema hapana mwaka 1947, 1948, au siku kasisi alipofunga mlango. Mwanamke hana deni kwa mwanaume kwa sababu tu mwanaume amekuwa mpole. Kijana, ukimsikiliza binti kwa makini, utasikia pia anaposema hataki, na mwanaume anayejiamini kweli husikia neno hilo mara ya kwanza. Kumpigia simu mara 20 kwa siku mtu aliyekwisha kataa ni dalili ya hofu, hata kama wewe unaliita penzi.

Kwa wazazi nao lipo la kujifunza. Tshekedi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mlezi aliyeogopa kwamba kazi yote ya miaka 20 inapotea. Alikosea kudhani kwamba kelele na vikwazo vingeua penzi la watu wazima wawili. Gharama yake ikawa miaka ya familia kutosemezana. Lakini alipokubali kukaa chini na kuzungumza, alipata tena mwanawe, mkwewe, na mjukuu mwenye jina lake.

Baada ya mumewe kufariki, wapo waliotegemea kwamba Ruth angerudi Uingereza alikozaliwa. Hakurudi. Aliendelea kuishi Botswana, nchi ambayo kwa miaka mingi aliitumikia kupitia Chama cha Msalaba Mwekundu, na alimwona mwanawe Ian akiwa makamu wa rais. Ian mwenyewe alikuja kuwa rais mwaka 2008, wakati huo mama yake alikuwa ameshafariki. Ruth aliaga dunia mwezi Mei 2002, miaka 22 baada ya Seretse. Walimpeleka Serowe, wakamzika karibu na mume wake, katika makaburi ya ukoo uliowahi kumkataa.